Msiba wa Kwenye Simu

Bibi Margareta alikuwa anachambua maharage wakati watu walipofika kumzika.

Gari la hospitali liliingia uani kwake, Kidahwe, likiwa limejaa mpaka mlangoni, na kabla halijazimwa wanawake walikuwa wamekwishaanza kulia. Waliteremka na kanga viunoni, mmoja na kiroba cha unga kichwani, mwingine na mfuko wa sukari, na kilio chao kilikuwa cha kweli, maana Metroni Catherine ni mtu wa watu na mama yake alikuwa mgonjwa tangu masika. Mbele kabisa alikuwa Yusta, karani wa mapokezi. Yeye ndiye wa kwanza kuuona ungo, na maharage, na mwenye maharage.

"Karibuni," alisema bibi, amekinga macho jua kwa kiganja. "Kafa nani?"

Kilio kilikatika. Metroni Catherine, aliyekuwa likizo akimuuguza huyo mama yake, alitokea nyuma ya nyumba na ndoo ya maji, akawakuta wenzake wa kazini wamesimama uani na machozi mashavuni.

"Metroni, pole," alisema Leonia wa dirisha la dawa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni, halikuwa na pa kurudi.

"Pole ya nini?"

Bibi Margareta ndiye aliyeelewa kwanza, akacheka mpaka ungo ukamtikisika mapajani. "Wameniua!" alisema. "Wanangu, mtu akizushiwa kifo anaongezewa miaka. Leo mmenipa kama kumi hivi. Leteni huo unga upikwe, msirudi nao mjini." Basi wakapika, wakala maharage ya marehemu pamoja na marehemu mwenyewe, na kicheko kikawa kingi kuliko ilivyokuwa kilio.

Ujumbe ulikuwa umeingia Ijumaa jioni kwenye kundi la wasapu la watumishi, kutoka namba ya Katibu wa hospitali, Bwana Erasto mwenyewe. Metroni wetu amefiwa na mama. Kila mtumishi aingie hapa kwa jina lake la kazini na neno lake la siri, aone ratiba ya mazishi na rambirambi aliyopangiwa. Watu wakaingia. Ratiba ilikuwemo ndani, imepangwa vizuri kuliko ratiba yoyote iliyowahi kutoka ofisini kwa Katibu, na hilo peke yake lingetosha kuwashtua. Mazishi Kidahwe, Jumamosi, saa nane mchana.

Metroni mwenyewe hakuuona, maana Kidahwe mtandao ni wa kubahatisha, na hakuna hata mmoja aliyempigia kuuliza. Utaulizaje? Kwetu mtu aliyefiwa hapigiwi simu kuulizwa kama kweli mama yake amekufa. Anapewa pole, na anayetaka uhakika anaonekana ana roho mbaya. Wezi walioandika ujumbe ule walilijua hilo. Walikuwa wameingia kwenye simu ya Katibu na kusoma humo maombi ya kumwombea mgonjwa, kijiji chake, hata ugonjwa wake. Kazi iliyobaki tuliwafanyia sisi na utu wetu.

Gari liliporudi, watu walicheka mpaka Mwandiga. Hapo Yusta akasema, "Jamani, kama bibi yuko hai, paswedi zetu tulimpa nani?"

Kicheko kikapungua.

"Yusta, usianze," alisema Leonia.

Dereva akaongeza sauti ya redio.

*

Jumatatu asubuhi Yusta alibadilisha neno lake la siri, kisha akaenda kubisha hodi ofisini kwa Katibu. Bwana Erasto ni mtu wa tai hata wakati wa joto, na mezani kwake kila kitu kimenyooka.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba, Yusta. Nasikia mmekula maharage Kidahwe."

"Tulikula. Katibu, mimi niliingiza paswedi yangu kwenye ule ujumbe. Na si mimi tu. Ya kwangu nimeshaibadilisha, ila naona wote tungebadilisha leo hii, kabla mambo hayajaharibika."

"Nani kakwambia ule ujumbe ulikuwa mbaya?"

"Bibi yuko hai."

Katibu alinyoosha kalamu ambayo tayari ilikuwa imenyooka. "Simu yangu ilipata hitilafu kidogo, imeshatengemaa. Alhamisi wajumbe wa Bodi wanakuja. Wewe unataka wakute hospitali nzima inahangaika na mambo ya paswedi? Funika kombe, mwanaharamu apite."

"Na kama mwanaharamu ameshaingia ndani, Katibu?"

Katibu aliihamisha kalamu upande wa pili wa meza. "Umesema uliingiza ya kwako. Nimekusikia. Nenda dirishani, wagonjwa wanakungoja."

Yusta akaenda. Moyo wake haukutulia, lakini aliyekuwa na mamlaka ya kuamuru amekataa kuamuru, na karani hawezi kusimama katikati ya ua akawapigia watu kelele wabadilishe paswedi zao. Ndivyo alivyojiambia. Baadaye alijilaumu kwamba hakupiga hizo kelele.

*

Alhamisi mfumo ukafungwa. Kompyuta zote ziliwaka na kuonyesha maneno yaleyale ya Kiingereza: mafaili yenu tunayo sisi, lipeni mrudishiwe. Hakuna jina la mgonjwa lililofunguka, wala kipimo, wala dozi. Kufika saa tatu foleni ilikuwa imetoka nje ya geti, na wajumbe wa Bodi, waliokuja na viatu vinavyong'aa, walilazimika kupita ubavuni mwa watu waliokuwa wamekaa chini.

Mama mmoja wa Ujiji alikuwa amembeba mtoto mwenye selimundu. Dozi ya mtoto ilikuwa ndani ya kompyuta, na kijikaratasi walichompa zamani kilishalowa.

"Ulikuwa unampa vidonge gani?" Leonia alimuuliza.

"Vya njano. Vidogo."

"Vya njano viko vingi, mama."

"Sasa mimi nitajuaje? Si ninyi mnaandika?"

Yusta aliyasikia hayo kutoka dirishani kwake, na yalimuuma. Mtoto alikuwa analia bila sauti. Mama yule aliambiwa arudi kesho, akarudi Ujiji mikono mitupu.

Bodi ilitaka kujua ni nani aliyewafungulia wezi. Katibu alikuwa na jibu, tena alikuwa nalo tangu Jumatatu. "Yuko mmoja ambaye amekiri mwenyewe," alisema.

Mchana huohuo Yusta aliitwa kwenye chumba cha mikutano. Ndani walikuwa Katibu, mjumbe mmoja wa Bodi, na Dokta Hamdani, Mganga Mkuu. Hakupewa kiti.

"Ulikiri au hukukiri?" aliuliza Dokta Hamdani. Si mtu mbaya. Ni mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hupenda jambo liishe.

"Nilitoa taarifa, Dokta."

"Ni kitu kilekile."

"Si kitu kilekile. Na paswedi yangu niliibadilisha Jumatatu. Waliofunga mfumo leo hawakutumia ya kwangu."

"Huenda walikuwa wameshaingia kwa hiyo ya zamani," alisema Katibu, taratibu, macho yakiwa mezani. "Hatuwezi kujua."

"Kama hatuwezi kujua, mbona mmeshajua ni mimi?"

Mjumbe wa Bodi alikohoa. Dokta Hamdani akasugua macho, akaeleza walivyoamua. Jumatatu, kwenye kikao cha asubuhi, Yusta atasimama mbele ya watumishi wote, aseme kwamba ni yeye, peke yake, kwa uzembe wake, na aombe radhi. Akifanya hivyo atabaki kazini, ila atahamishiwa kwenye kufulia mashuka. Asipofanya, hana kazi. Mpaka siku hiyo akae nyumbani.

Alipotoka alipitia dirisha la dawa. "Leonia," alisema, "wewe sema tu kwamba na wewe uliingia. Wakijua tulikuwa wengi, hawawezi kutufukuza wote."

Leonia alikuwa anahesabu vidonge kwa kisu, viwili viwili, na hakuacha. Walikuwa wamekula pamoja kila mchana tangu Yusta aanze kazi pale. "Mimi sikuingiza kitu."

"Ulijuaje mazishi ni saa nane? Ratiba ilikuwa ndani."

"Nilisikia kwa watu."

"Leonia."

"Yusta, mimi nina watoto na sina mume. Niache." Akasukuma vidonge kwenye bahasha, bahasha ikapasuka, vikamwagika.

*

Nyumba yao iko Katubuka, vyumba viwili vya kupanga na kibaraza. Filemoni, mumewe, ni fundi wa mashine za boti pale Kibirizi, mtu mpole mwenye mikono isiyotakata grisi hata siku ya harusi. Ziwa likiwa zuri wanaishi vizuri; likichafuka, wanakula mshahara wa Yusta. Mshahara huohuo ndio unaolipa pango na vidonge vya presha vya mama yake Filemoni, Bibi Agnesi, anayekaa nao.

"Ni sentensi moja tu," alisema Filemoni jioni ile. "Unaisema, unanyamaza, tunaendelea kula. Mkono usioweza kuukata, ubusu."

"Nitaisema mara moja, nao wataisema mpaka nizeeke. Kila kitu kitakachopotea hospitalini kitakuwa cha Yusta."

"Na ukifukuzwa je? Nani atakuajiri, mtu aliyefunga hospitali?"

"Sikufunga hospitali!"

"Najua. Mimi najua." Filemoni aliinamisha kichwa. "Lakini mwenye nyumba hapokei kujua kwangu, Yusta."

Bibi Agnesi alikuwa anasonga ugali wa muhogo, macho kwenye sufuria. Ni mama wa Kiha wa zamani, amelima mpaka mgongo ukakataa, na hapendi kelele ndani ya nyumba. Ukweli ni kwamba na yeye aliona aibu. Majirani walikuwa wameanza kumuuliza kama ni kweli mkwewe aliuza mafaili ya wagonjwa kwa Wachina. Habari ikitoka hospitali mpaka ifike Katubuka huwa imenenepa.

Ijumaa ilikuwa siku yake ya kliniki. Alivaa kitenge chake kizuri, akaenda mwenyewe. "Mwakeye," aliwaamkia watu wa kwenye foleni, nao wakamwitikia vizuri na kumpa nafasi kwenye benchi. Zamu yake ilipofika, mhudumu alimuuliza jina, akaangalia rundo la makaratasi, kisha akamwangalia yeye.

"Wewe si ndiye unayekaa na Yusta?"

"Ego. Mkwe wangu."

"Basi faili lako kamuulize mkweo alikolipeleka." Akageukia benchi. "Mnamwona? Nyumba iliyotufungia kompyuta ndiyo hii, na vidonge bado wanavitaka."

Watu wengine walicheka. Wengine waliangalia chini, na hao ndio walimuumiza zaidi. Bibi Agnesi alisimama palepale, pochi kifuani, akingoja mtu amkanye yule mhudumu. Hakutokea. Mwishowe akapewa vidonge vya wiki moja badala ya mwezi, akaambiwa ashukuru.

Alirudi Katubuka kwa miguu, jua kali, akakaa kibarazani bila kuvua viatu. Filemoni alimkuta hapo, naye alikuwa na lake. Katibu alikuwa amempigia simu. Alizungumza naye kwa upole sana, akamkumbusha kwamba mashine ya boti ya hospitali, ile inayochukua wagonjwa vijiji vya ziwani, imekuwa ikitengenezwa naye miaka yote. Akasema itakuwa vibaya ikibidi kazi ile apewe fundi mwingine. Aongee na mke wake, kama mwanamume.

"Umemjibu nini?" Yusta alimuuliza.

"Nimesema nimekuelewa, Katibu."

"Umemwelewa!"

"Ulitaka nimjibu nini, Yusta? Nimtukane?"

"Ulitaka niombe radhi, sasa wanakutaka na wewe uombe kazi yako. Kesho watamtaka mama naye aombe vidonge."

"Nimeshaviomba," alisema Bibi Agnesi.

Mama akawasimulia, kwa sauti ileile anayosimulia bei ya mihogo, maneno ya mhudumu na kicheko cha benchi na vidonge vya wiki moja. Yusta alianza kulia. Alilia kwa hasira zaidi kuliko huzuni, na alipotaka kusema samahani mama mkwe alimkata.

"Usiniombe samahani wewe, hukunitukana. Sikiliza, Filemoni. Mimi baba yako alinipiga, nikaomba radhi mimi ili nyumba itulie. Ng'ombe wa jirani walikula shamba langu, nikaomba radhi mimi ili tusikosane. Nimeomba radhi za watu wengi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia asante." Akainama kuvua kiatu kimoja. "Kosa lake Yusta aliombee radhi. La mwanamume mwenye tai alibebe mwenyewe."

"Mama, na pango?"

"Pango tulilipa kabla hajaajiriwa. Tulikula migebuka midogo tukalipa. Utaniambia umesahau?"

Filemoni aliichukua redio yake mbovu, akaanza kuifungua skrubu ambazo hazikuwa na haja ya kufunguliwa.

*

Jumatatu Yusta alivaa sare yake ya mapokezi. Hakuna aliyemwambia aivae. Hakuna aliyemwambia aivue. Filemoni alimsindikiza mpaka getini, mlinzi akamzuia yeye asiye mtumishi, akabaki nje amesimama kwenye uzio wa seng'enge.

Kikao cha asubuhi hufanyika uani, kati ya mapokezi na wodi ya wazazi, watu wakiwa wima, wakubwa wamekaa. Wagonjwa waliowahi walikuwa wameshajaa kwenye mabenchi ya ukumbini na waliona na kusikia yote. Dua ikasomwa. Metroni Catherine alikuwa amerudi likizo asubuhi hiyo, amesimama na wauguzi wake. Kisha Dokta Hamdani akasema, "Yusta ana neno," akaangalia saa.

Yusta alisogea mbele.

"Shikamooni, wakubwa zangu. Wenzangu, habari za asubuhi. Siku ile ya ujumbe wa msiba nilibofya. Niliingiza jina langu na paswedi yangu bila kuuliza, kwa sababu niliogopa kuonekana sina utu. Kwa hilo naomba radhi, kwenu na kwa wagonjwa."

Katibu aliitikia kwa kichwa, kama mwalimu anayesikiliza mtoto akisoma. "Vizuri. Endelea."

"Niliambiwa niseme nilikuwa peke yangu. Sikuwa peke yangu. Ratiba ilikuwa ndani, na kila aliyefika Kidahwe aliingia ndani. Tulijaza gari. Siombi mtu ajitaje, kila mtu ana watoto." Hakumtazama Leonia. "Ila kuna swali hospitali nzima inalijua na hakuna anayethubutu kuliuliza. Ule ujumbe ulitoka kwenye simu yako, Katibu. Simu yako waliipataje?"

Wagonjwa wa kwenye benchi wakanyanyuka waone vizuri.

"Yusta," alisema Katibu, "unanikosea adabu."

"Nakukosea. Na bado nauliza."

"Kaa chini, Yusta," alisema Dokta Hamdani.

"Sijapewa kiti, Dokta. Hata siku ile sikupewa."

Mtu alicheka nyuma, akajizuia. Katibu alisimama, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Alisema haya ndiyo matokeo ya kuwaonea watu huruma, kwamba mtu anapewa nafasi ya kujirekebisha anaigeuza jukwaa, kwamba barua yake ya kuachishwa kazi itachapwa sasa hivi.

"Kwa kompyuta gani?" aliuliza Yusta.

Hapo kicheko hakikuzuilika. Kilitoka kwa wagonjwa kwanza, kikaja kwa watumishi, na kilikuwa bado hakijaisha wakati Metroni Catherine aliposogea mbele. Metroni ni mwanamke mkubwa, mzito wa kusema, na hapendi kukatizwa.

"Katibu, mimi ndiye niliyefiwa," alisema. "Mama yangu aliuawa kwenye simu yako. Nimekaa siku zote hizi sikukuuliza, kwa adabu tu, nikasema mtu mzima atakuja mwenyewe anieleze. Hukuja. Sasa naona adabu yangu inamfukuzisha mtu kazi. Na mimi nauliza. Jibu."

Bwana Erasto alimtazama Mganga Mkuu. Mganga Mkuu hakumtazama. Akalegeza tai, jambo ambalo hakuna mtumishi aliyewahi kuliona.

"Alipiga mtu," alisema. "Akasema anatoka ofisi ya Mwenyekiti wa Bodi. Akasema kuna namba imeingia kwenye simu yangu, nimsomee haraka, Mwenyekiti yuko kikaoni anaisubiri. Alikuwa na sauti ya mtu mkubwa. Nikamsomea. Baadaye simu ikagoma kunitii, wasapu ikawa kwao." Akainyoosha tena tai. "Ningeulizaje? Ningempigiaje Mwenyekiti, nimuulize kama kweli amenituma?"

Yusta alimhurumia. Hakutaka, lakini alimhurumia, maana lilikuwa ni kosa lilelile walilolifanya wote, la kuogopa kumuuliza mkubwa, la kuogopa kumuuliza mfiwa. Huruma ile haikumrudisha nyuma hata hatua moja.

"Ungesema Jumatatu ile nilipokuja ofisini kwako, Katibu, tungebadilisha wote siku hiyohiyo. Yule mtoto wa Ujiji angepata dawa yake. Wewe uliona ni heri nionekane mimi mjinga kuliko kuonekana wewe ulidanganywa. Mimi ya kwangu nimeshaiombea radhi. Ya kwako siibebi."

Dokta Hamdani alisimama, akasema jambo hili litaangaliwa na watu warudi kazini. Kwa lugha ya ofisi, litaangaliwa maana yake ni kwamba hakuna anayetaka kuliangalia. Lakini hakusema Yusta atoke, wala Katibu hakuitaja tena barua. Watu wakatawanyika bila kutazamana.

Filemoni alikuwa bado kwenye seng'enge. Yusta alimfuata.

"Umesikia?"

"Nimesikia yote. Na mlinzi kasikia." Alikuwa anafuta mikono kwa kitambaa ingawa hakuwa ameshika kitu. "Mashine ya boti yao wampe wanayemtaka."

"Filemoni."

"Wampe. Ikiwazimikia katikati ya ziwa watanitafuta, nami nitataka malipo kabla ya spana." Akatabasamu kidogo, mtu asiyezoea kujigamba, kisha akashika njia ya Kibirizi.

*

Yusta hakwenda kufulia mashuka. Alikwenda dirishani kwake, akafuta vumbi kwenye kompyuta iliyokuwa bado imezimwa, akachukua karatasi na kalamu, akaita, "Anayefuata!" Mzee mmoja aliyesikia yote kutoka kwenye benchi alisogea na kumpa mkono kwanza, ndipo akataja ugonjwa wake.

Mchana, foleni ikiwa bado ndefu, Leonia alitokea ubavuni mwa dirisha. Alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili.

"Yusta."

"Foleni iko kule."

"Yusta, nimebofya kitu. Sasa hivi. Umekuja ujumbe unasema mfumo umerudi, niingize ile paswedi mpya tuliyopewa Ijumaa, wewe ukiwa nyumbani, na mtaalamu aliyeletwa kutoka Dar. Nimeingiza, halafu hakikufunguka kitu."

Yusta aliyakumbuka maneno ya watoto na niache, akatamani sana kumwambia naye akasimame uani Jumatatu ijayo, peke yake, kwa uzembe wake. Alikuwa na haki ya kuyasema. Leonia mwenyewe alikuwa amesimama anayangoja.

"Umemwambia nani?"

"Wewe tu. Naogopa."

"Ogopa hukuhuku tunatembea." Akainuka. "Wazee wangu, nisubirini kidogo," aliwaambia wa kwenye foleni, "narudi sasa hivi." Akamshika Leonia kifundo cha mkono, wakakatiza ua mchana kweupe, watu wakiwaangalia, wakapanda ngazi mpaka kwenye mlango wa Katibu. Leonia aliinua mkono kubisha hodi. Yusta akasukuma mlango.

Bwana Erasto aliinua uso kutoka kwenye karatasi zake.

"Leonia amebofya ujumbe mbaya, na amekuja kusema mwenyewe," alisema Yusta, akivuta kiti na kumkalisha mwenzake. "Msikilize mpaka mwisho."